Mahali pa Kusimama

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza kulikuwa na uwanja mmoja wa tenisi, wa saruji, tulioachiwa na wazungu waliotutangulia. Saruji ilikuwa na nyufa, na wavu tuliushona sisi wenyewe kwa kamba za katani. Raketi zilikuwa nne, kwa hiyo kila Jumamosi jioni walimu tulicheza wawili wawili. Mwenzangu alikuwa makamu wangu. Kwa miaka sita nilimsimamisha yeye mbele, karibu na wavu, nami nikakaa nyuma kwenye mstari wa mwisho. Hata ilipofika zamu yake ya kuanzisha mpira, aliupiga kisha akakimbilia mbele, nami niliyekuwa mbele nikarudi nyuma. Sikumwuliza kama anapenda. Mimi ndimi niliyekuwa Mkuu wa Chuo, na niliamini kuwa anayesimama nyuma ndiye anayeuona uwanja wote.

Nilipostaafu nilipata wasaa wa kusoma habari za mchezo huo. Ndipo nilipotambua kwamba swali la nani asimame wapi lina historia yake, tena ndefu.

Tenisi ya kwenye nyasi ilianza kuenea Uingereza baada ya mwaka 1874, Meja Walter Wingfield alipopata hataza ya mchezo wake. Uwanja wake ulikuwa umebinywa katikati kama kiuno cha nyigu. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon, mwaka 1877, yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, na walioingia walikuwa 22. Aliyeshinda, Spencer Gore, alifanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia: alisogea karibu na wavu akawa anaupiga mpira kabla haujadunda. Mwaka uliofuata alikutana na Frank Hadow, mkulima aliyekuwa likizoni kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Hadow aliuinua mpira juu ya kichwa cha Gore ukaangukia nyuma yake, akafanya hivyo tena na tena mpaka akamshinda. Tangu hapo kila aendaye mbele anajua kuwa ameacha mgongo wazi.

Kwa wachezaji wawili dawa ilionekana rahisi. Mmoja akae mbele, mwingine nyuma. Huyu analinda wavu, yule anaokota inayompita mwenzake. Ukiitazama haraka utasema ni busara tupu, na wengi wa zamani walicheza hivyo. Mimi pia nilicheza hivyo, miaka mia moja baadaye, nikidhani nimebuni kitu.

Ubaya wake huonekana ukichora uwanja ubaoni. Uwanja wa wawili una upana wa futi 36, yaani futi 9 zaidi ya ule wa mmoja, kwa sababu ya vichochoro viwili vya pembeni. Mmoja akiwa mbele kushoto na mwingine nyuma kulia, kati yao hubaki njia pana ya mshazari, na mpira ukipita hapo hakuna awezaye kuufikia. Isitoshe, aliye mbele hupigiwa mipira ya karibu na ya nguvu, wala hamwoni mwenzake yuko wapi. Husikia sauti tu.

Mapacha William na Ernest Renshaw ni miongoni mwa walioonyesha njia nyingine: wote wawili wasogee mbele. Mashindano ya wawili wawili yalipohamishiwa Wimbledon kutoka Oxford mwaka 1884, wao ndio walioshinda, na hadi mwaka 1889 walikuwa wameshinda mara 5. Wakafuata ndugu wengine, Reggie na Laurie Doherty, walioshinda mara 8 kati ya mwaka 1897 na 1905. Wanaocheza namna hiyo huenda bega kwa bega kana kwamba wamefungwa kamba kiunoni. Mpira ukienda kulia, wote huvutika kulia. Mmoja akirudi nyuma kufuata mpira wa juu, mwenziwe hurudi naye. Sehemu wanayoilinda zaidi ni katikati, na sababu yake hupimika kwa rula: wavu una futi 3 na nusu kwenye nguzo lakini futi 3 tu katikati, kwa hiyo mpigaji hupenda kupitisha mpira hapo penye inchi 6 pungufu.

Wamarekani Dwight Davis na Holcombe Ward waliongeza jambo jingine. Walianzisha mpira kwa kuuzungusha ili uruke juu sana baada ya kudunda, na wakati uko angani mwanzishaji alipata nafasi ya kukimbilia wavuni. Kwa mpira huo waliwatatiza Waingereza mwaka 1900 katika shindano la kwanza la kombe alilolitoa Davis mwenyewe. Mwaka 1902 akina Doherty walivuka bahari wakawashinda katika mchezo wa wawili, ingawa kombe lilibaki Marekani. Baadaye ukaja mtindo uitwao wa Australia, ambapo mwenzake mwanzishaji husimama upande uleule alio yeye ili kuziba mshazari. Siku hizi raketi zimekuwa nyepesi na zenye nguvu, mipira hurudishwa kwa kasi, na wapo mabingwa wanaobaki nyuma tena kwa hiari. Sina ugomvi nao. Wamekubaliana kabla ya kuanza.

Nami nina jambo la kukiri hapa. Mwaka 1984 wanachuo waligoma kula kwa sababu ya maharage yenye wadudu. Nilimtuma makamu bwaloni akazungumze nao, nikabaki ofisini nikiandika barua kwa wakubwa. Alisimama mbele yao saa tatu akarushiwa maneno, na mara moja sahani. Mwishowe aliwaahidi chakula kingine, ahadi ambayo mimi ndiye niliyempa aitoe. Wakaguzi walipokuja kuuliza nani aliahidi kitu kisichokuwamo katika bajeti, jina lililoandikwa lilikuwa lake. Niliketi nao meza moja. Ningeweza kusema kuwa nilimtuma. Sikusema.

Barua ya uhamisho ilikuja baada ya miezi miwili. Jumamosi ya mwisho tulicheza kama kawaida, wala hatukuitaja. Jioni ile, katika zamu yangu ya kuanzisha, sijui kilinisukuma nini, nilipiga mpira nikaufuata mbio mpaka nikasimama kando yake wavuni. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyeona mgeni. Wapinzani wetu, vijana wawili wa idara ya hesabu, hawakusita. Waliuinua mpira juu ya vichwa vyetu. Tuligeuka sote wawili tukakimbia, wazee tukigongana viwiko, na mpira ukadunda ndani ya mstari kabla hatujaufikia.

Aliinama akishika magoti, akihema na kucheka. "Mkuu," aliniambia, "leo umekuja mbele."

Jumatatu asubuhi lori lilimchukua yeye, mkewe, watoto na magodoro yao. Raketi yake aliiacha stoo pamoja na zile nyingine tatu.