Ubeleko, kutoka Unguja hadi Tottenham

Binti alipoposwa, wazee wetu wa pwani walidai, mbali na mahari, kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama. Mkaja ni nguo aliyojifungia tumbo baada ya uzazi. Ubeleko ni nguo aliyombebea mwana mgongoni. Kwa hiyo mgongo ulikuwa na haki yake, nayo ikilipwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa zetu walitawanyika, wengine Maskati na Dubai, wengine London. Huku Tottenham marehemu dada yangu alilea watoto wa majirani nyumbani kwake kwa ujira. Sheria ya Uingereza iliwataka walezi hao wajiandikishe tangu 1948. Mwaka 2001 kazi ya kuwakagua ikakabidhiwa Ofsted. Dada alimfunga mchanga mgongoni kwa kanga, akabaki na mikono miwili ya kuwalisha wenziwe. Mama wa Kighana hakuhitaji maelezo, kwani kwao ndivyo wabebavyo. Mama wa Kiingereza aliuliza kwanza, kisha akaomba afundishwe fundo.

Binti zake dada walipoolewa hapa, kilemba kilitajwa, ubeleko haukutajwa. Enyi mlio na barua za posa za kabla ya 1964, tafadhalini zitazameni: je, ubeleko umeandikwa, na kwa kiasi gani?