Kitenzi "Kuona" na Ushahidi wa Wazee katika Nchi ya Rufiji

Katika maneno ya Kiswahili yatumikayo kila siku, ni machache yabebayo mzigo mkubwa kama kitenzi kuona. Asili yake ni ya kale. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamekirudisha kwenye shina -bon-, ambalo hata leo lasikika katika -bona ya Kizulu na -mona ya Kikongo. Kiswahili kimeiangusha konsonanti ya kwanza, ama maana zenyewe kimezidi kuzitanua. Kusudi la makala haya ni kueleza kwamba tofauti za maana hizo si jambo la sarufi peke yake. Mwanahistoria akusanyaye masimulizi ya wazee hawezi kuupima ushahidi wao asipozijua. Mifano yetu twaitoa Rufiji, ambako Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na vita vikuu vya 1914 hadi 1918, vilihifadhiwa vinywani mwa watu.

Tuanze na jicho. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti. Humo mto hugawanyika mikono mingi katikati ya mikoko, na mabaharia walifunika milingoti kwa matawi ili meli isionekane. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba 1914, lakini kujua ilipo hakukuwa kuiona: wapiga mizinga wa Severn na Mersey hawakuweza kuitazama shabaha yao, wakategemea habari za ndege zilizoruka kutoka Mafia. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. Tarehe 11 Julai meli ilipigwa vibaya, na Wajerumani wenyewe wakaimaliza.

Sasa tuchukue sentensi mbili, tulizozitunga kwa mfano. Mzee mmoja asema, "Niliiona manowari ikiungua." Mwingine asema, "Niliona kuwa manowari imeungua." Katika ya kwanza, -ki- huliweka jicho la msemaji penye tukio lenyewe, wakati ule ule. Katika ya pili, neno kuwa lafuatwa na jambo lililokatwa shauri na akili: yawezekana msemaji aliuona moshi tu juu ya mikoko, au alisikia mizinga imenyamaza, akajua. Wote wawili ni wakweli, lakini mmoja ni shahidi wa tukio, na wa pili ni shahidi wa dalili zake. Mfasiri akiwaandikia wote neno moja la kuona, amewafanya sawa watu wasio sawa.

Baada ya jicho huja mwili. Mswahili huona njaa, huona kiu, huona baridi, huona haya, huona raha, wala hapana hata moja katika hayo liingialo machoni. Kiingereza pia kina kitenzi cha kuona kitumikacho kwa maana ya kuelewa na ya kukutana, lakini hakikitumii kwa kuhisi njaa. Hapo njia za lugha hizi mbili zaachana. Tena angalia kiambishi cha yambwa. "Niliona njaa" ni habari ya tumbo la mtu siku fulani. "Njaa ile niliiona" ni habari ya mtu aliyeishi katika njaa ijulikanayo na wote, kama ile iliyowaua wengi katika nchi za kusini baada ya Maji Maji. Herufi moja i yaitenganisha taabu ya mtu na msiba wa nchi.

Matumizi ya tatu ni ya kumwendea mtu kwa haja. Katika 1904 na 1905 watu wengi walikwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kupata maji ya dawa, hata Wajerumani walipomnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Asemaye kwamba babu yake "alikwenda kumwona" Kinjikitile hasemi habari ya kutazama sura. Asema kama tusemavyo kumwona mganga au kumwona mkubwa: kutaka shauri, kupewa kitu, na labda kufungwa na ahadi. Neno hili dogo laweza kumwonyesha mtu aliyeingia katika mwungano wa vita, na msomaji asiyelijua atamhesabu kuwa mtazamaji.

Matumizi ya nne hutokana na mnyambuliko. Kumwonea mtu huruma ni wema, na kumwonea wivu ni kijicho. Ama kumwonea tu, bila neno jingine, ni kumdhulumu kwa kuwa ni mnyonge. Mkulima aliyelimishwa pamba kwa shuruti akisema "walituonea," amekwisha toa hukumu, wala si maelezo tu. Kadhalika "utakiona" ni tishio, na kile ki hakirejei kitu chochote kilichotajwa. Na kuonya, ambalo ni umbo la kusababisha la kitenzi hiki hiki, ni kumfanya mtu aone hatari kabla haijafika.

Kamusi ya Krapf ya 1882, na ile ya Johnson ya 1939, zilizipanga maana hizi zifuatane, nazo zimetufaa sana. Lakini mpango wa kamusi haumwambii msomaji ni maana ipi iliyokusudiwa na mzee aliyeketi mbele yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai. Wazee hao hawapo tena, na hatuwezi kurudi kuwauliza. Kwa hiyo, penye maneno yao yaliyohifadhiwa kwa lugha waliyoyasema, yachapwe vivyo hivyo, pamoja na -ki-, kuwa, na viambishi vyake vyote, na tafsiri iwekwe kando yake, isichukue mahali pake. Na akusanyaye masimulizi leo, kila asikiapo "niliona," na aulize mara moja: kwa macho, kwa mwili, au kwa akili?