KDE 4.0 na watu walionyang'anywa paneli yao

Mwezi ujao nabadilisha programu ya mauzo niliyoyaandikia maduka matatu hapa mtaani. Nimeiandika upya yote, na usingizi umenipaa kidogo. Juzi nikipangua droo nikakuta CD ya Kubuntu 7.10, zile tulizoletewa kwa posta bila malipo kabla ShipIt haijafungwa mwaka 2011. Ndani yake kuna KDE 3.5. Nikakumbuka kisa.

KDE ni eneokazi la Linux: paneli, menyu, ikoni na kadhalika. Toleo la 3.5 lilitoka Novemba 2005 na lilitulia kabisa. Tatizo lilikuwa chini yake. KDE imejengwa juu ya maktaba ya Qt, na Qt 4, iliyotoka Juni 2005, haikuoana na Qt 3. Ikabidi mengi yaandikwe upya. Paneli ya zamani ikaondolewa, Plasma ikachukua nafasi.

KDE 4.0 ilitoka tarehe 11 Januari 2008. Kwa walioiandika, namba hiyo ilimaanisha msingi uko tayari, waandishi wa programu waanze kujenga juu yake. Haya, mwambie mtumiaji wa kawaida hivyo! Yeye akiona 4 baada ya 3 anajua ni bora zaidi. Akiifungua, hata mahali pa kubadilisha ukubwa wa paneli hapaoni.

Wengi hulaumu namba. Mimi nadhani kilichouma zaidi ni kunyang'anywa cha zamani. openSUSE 11.0, Juni 2008, iliweka 3.5 na 4.0 pamoja, mtu achague mwenyewe. Fedora 9, Mei mwaka huohuo, ilileta eneokazi la 4.0 tu. Kubuntu 8.10 nayo ikaiacha 3.5 mwezi Oktoba, ingawa angalau ilikuja na 4.1. Linus Torvalds, mtumiaji wa KDE, aliipata 4.0 kupitia sasisho la Fedora, akahamia GNOME. Alisema hayo hadharani Januari 2009. Wengine waliichukua 3.5 wakaiendeleza kwa jina la Trinity tangu 2010, na bado ipo.

Safari iliyofuata walikuwa waangalifu. Mwaka 2013, Qt 5 ikiwa imeshafika, KDE ilitangaza kwamba Plasma ya 4.11 itarekebishwa kwa miaka miwili. Plasma 5 ilitoka Julai 2014, na Kubuntu 14.10 iliiweka kando kama toleo la kujaribu. Ilikuwa eneokazi la kawaida la Kubuntu Aprili 2015. Kelele zilikuwepo (kelele hazikosi), lakini aliyetaka kubaki alikuwa na pa kubaki.

Basi programu yangu ya zamani sitaifuta. Itakaa kwenye kompyuta za dukani, ikoni yake palepale, na zote mbili zitasoma daftari moja la mauzo. Hiyo ya daftari moja ndiyo inayonikesha sasa.