Akiba Iliyojificha Ndani ya Prosesa

Mwaka 1984 IBM ilipoleta sokoni kompyuta ya PC AT, prosesa yake ya 80286 ilikwenda kwa megahezi 6. Mpigo huo ulitoka kwenye fuwele ya megahezi 12, ukagawanywa kwa mbili. Haukupita muda watumiaji wakang'amua kwamba ukichomoa fuwele hiyo na kuchomeka ya megahezi 16, mashine inapanda hadi megahezi 8 na kazi inaendelea. Ni theluthi nzima ya kasi, kwa kipande kidogo kuliko ukucha. IBM haikupendezwa. Bayosi, yaani programu inayoiamsha kompyuta, katika matoleo ya baadaye ilipima kasi wakati wa kuwasha, na ikikuta imezidi, kompyuta iligoma.

Vijana wanaokuja karakanani kwangu hapa Mombasa wakitaka kujifunza ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi kuliko iliyoandikiwa, huwaanzishia hapo, kwa sababu kisa hicho kimebeba historia yote ya kazi hii. Mtengenezaji huacha akiba, mtumiaji huichukua, mtengenezaji naye huja kuidai.

Akiba hiyo haiachwi kwa bahati mbaya. Prosesa nyingi hukatwa kutoka kisahani kimoja cha silikoni, lakini hazizaliwi sawa. Kiwanda huzipima, huzipanga kwa madaraja, kisha huandika kasi ambayo hata iliyo dhaifu katika daraja lake itaihimili kwa miaka, ndani ya kasha lenye joto na feni iliyojaa vumbi. Zaidi ya hapo, soko likitaka zaidi prosesa za bei nafuu, hata zile imara huandikwa kasi ya chini ili zipate kuuzwa.

Hakuna iliyoonyesha jambo hilo wazi kama Celeron 300A, ambayo Intel iliitoa Agosti 1998 kwa dola 149. Kasi yake ilikuwa megahezi 66 za mpigo wa msingi mara 4.5, yaani 300. Kizidisho hicho cha 4.5 kilikuwa kimefungwa, kwani wafanyabiashara wadanganyifu walikuwa wakifuta maandishi ya prosesa za polepole na kuziuza kwa bei ya zile za kasi. Lakini mpigo wa msingi haukufungwa. Ukiupandisha hadi 100 ulipata megahezi 450, sawa na Pentium II ya 450 iliyotoka mwezi huohuo kwa dola 669. Ubao mama wa Abit BH6 ulikuruhusu kubadilisha mpigo ndani ya bayosi. Asiyekuwa nao alifunika pini moja ya kadi iliyobeba prosesa, B21, kwa kipande cha utepe.

Na haikuwa bahati tu. Kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, ya Pentium II ilikaa kwenye chipu za pembeni na kwenda nusu ya kasi ya prosesa. Ya Celeron, kilobaiti 128, ilikuwa ndani ya silikoni yenyewe, ikaenda pamoja nayo. Tena mpigo wa 100 uligawanywa kwa tatu kulisha kadi nyingine, wa 66 kwa mbili; kote kuwili jibu ni 33, kwa hiyo kadi ya sauti na ya mtandao hazikusumbuka. Mwaka 2000 ikawa zamu ya AMD: mafundi waliunganisha vidaraja vilivyokatwa juu ya Duron na Athlon kwa penseli ya kawaida, maana grafiti yake hupitisha umeme, na kizidisho kikafunguka.

Kilichokuja kuwazuia wote ni joto. Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa, iongeze kasi asilimia 20, na ili isizime ipe volti 1.4 badala ya 1.2: matumizi yake yanapanda zaidi ya asilimia 60, na yote hayo hugeuka joto. Nasi wa pwani tuna hesabu ya ziada. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Anayejaribu katika chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya ana nafasi ya nyuzi 12 ambayo mimi, mwezi wa Machi, sina. Athlon za wakati ule hazikuwa na kinga: hitisinki, kile kipande cha kunyonya joto, ikibanduka, prosesa iliungua kwa sekunde chache.

Hata viwanda viligonga mwamba huohuo. Kwa miaka mingi transista ilipopunguzwa ukubwa, volti nayo ilishuka, kama Robert Dennard na wenzake walivyoeleza mwaka 1974. Volti ilipokataa kushuka zaidi, mbio zikakwama. Mwaka 2004 Intel ilifuta Pentium 4 ya gigahezi 4 na kugeukia prosesa zenye viini vingi.

Kisha watengenezaji wakaichukua akiba wao wenyewe. Kuanzia 2008 prosesa za Core i7 za Intel zilijiongezea kasi zenyewe pale joto na umeme viliporuhusu. Mwaka 2011 mpigo wa msingi ulifungamanishwa na sehemu nyingine za mfumo, ukapanda asilimia chache tu, na kizidisho kilicho wazi kikauzwa kwenye prosesa zenye herufi K. Core i9-13900K ya mwaka 2022 imepewa wati 125 kwa kazi ya kawaida na mpaka wa wati 253 ikijitutumua, na mbao mama nyingi ziliuzwa zikiwa zimeilegeza mipaka hiyo. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhurika kwa kuomba volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Akiba ilikuwa imekamuliwa hadi tone la mwisho, tena na kiwanda chenyewe.

Ndiyo maana leo nawafundisha vijana kupunguza. Bado kiwanda huipa kila prosesa volti zenye ziada ya usalama, kwa hiyo iliyo imara hupewa zaidi ya haja yake. Itoe kutoka 1.3 hadi 1.2 kwa kasi ileile, na umeme unashuka karibu asilimia 15. Joto likishuka, prosesa hupata nafasi ya kukaa kwenye kasi ya juu kwa muda mrefu zaidi. Ni kazi ya subira: punguza kidogo, ipe mzigo mzito, tazama joto, rudia. Aliyebadilisha fuwele mwaka 1984 alihitaji ujasiri. Wa leo anahitaji kipimo na hesabu ya kipeo cha pili, na kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa zaidi, kwa sababu unamlazimu fundi aijue prosesa iliyo mbele yake, si namba iliyoandikwa juu yake.