Kuongoza bila Cheo: Miaka ya Mwanzo ya Peace Corps
Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka raia wake kufanya kazi ya kujitolea ng'ambo kwa kipindi cha takriban miaka miwili, lilianzishwa kwa amri ya Rais John F. Kennedy tarehe 1 Machi 1961, likakabidhiwa kwa shemeji yake, Sargent Shriver. Kundi la kwanza lilitua Accra mwishoni mwa Agosti mwaka huo, na muda mfupi baadaye wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia wakaingia Tanganyika, iliyokuwa ikisubiri uhuru wa Desemba.

Vijana hao hawakupewa madaraka. Posho yao, yaani fedha za kujikimu tu wala si mshahara, ilikusudiwa kuwaweka karibu na maisha ya wenyeji, na kazini waliwajibika kwa mwalimu mkuu au mkuu wa idara wa nchi husika. Wahenga humpa mgeni jembe siku ya tatu. Hawa walikabidhiwa jembe mapema, ila shamba lilibaki la mwenyewe. Msomi aliyedhani shahada yake inatosha kumfanya asikilizwe alijikuta hana nyenzo isipokuwa lugha ya watu, subira na ushawishi, na pengine upungufu huo ndio uliomfunza uongozi kuliko mafunzo yote yaliyotangulia safari.

Ulimi nao ulikuwa na gharama. Oktoba 1961, mjini Ibadan, postikadi ambayo Mmarekani mmoja aliyekuwa mafunzoni alieleza ndani yake, kwa mshangao, maisha aliyoyaona mitaani, iliokotwa kabla ya kufika posta. Wanafunzi wa chuo kikuu, ambao nchi yao ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, wakawashutumu wageni hao hadharani, na mwandishi akarudi kwao.

Makao makuu yalijibana pia. Kitengo cha tathmini chini ya Charles Peters kilituma watu kukagua miradi na kuandika kasoro zake bila kupaka rangi, na mwaka 1965 sheria ikaweka ukomo wa kawaida wa miaka 5 kwa watumishi wa shirika, wazo ambalo mwanaanthropolojia Robert Textor alikuwa amelitetea tangu mwanzo ili ofisi isigeuke makazi ya wakubwa wasioondoka. Shriver mwenyewe aliondoka mwaka 1966. Nchini Tanzania, ambako sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa imeamsha swali la nani amfundishe mtoto wa Mtanzania, shirika lilifunga shughuli zake mwaka 1969, na halikurejea hadi 1979.