Hatua Bila Sababu: Ahmose, al-Khwarizmi na Ramanujan

Karatasi ya Hisabati ya KCSE nchini Kenya humtaka mtahiniwa aonyeshe hatua zote za ukokotoaji, na humwahidi kwamba anaweza kupata alama za njia hata jibu likikosewa. Agizo ni zuri. Ila njia ina sehemu mbili, hatua na sababu, na darasani tunang'ang'ania ya kwanza tu.

Karani Ahmose wa Misri, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, aliandika kwenye mafunjo yaliyopo sasa British Museum: kiasi fulani, kikijumlishwa na sehemu yake ya saba, ni 19. Anakisia 7. Saba na sehemu yake ya saba ni 8. Anatafuta 8 iingie mara ngapi katika 19: mara mbili, na robo, na thumuni. Anazidisha kwa 7, anapata 16, nusu na thumuni. Hatua zimo. Lakini kwa nini kisio lisilo sahihi limfikishe kwenye jibu sahihi? Hasemi. Mwanafunzi wake angeweza kukariri hayo yote na kufaulu vizuri tu, kama wengi wetu tulivyofaulu.

Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya tisa, anaanza vivyo hivyo. Mraba wa namba, ukijumlishwa na mara kumi ya namba hiyo, ni 39. Chukua nusu ya kumi, 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ongeza 39, ni 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa 5, jibu 3. Kisha anachora. Anaweka mraba, anaupachika mistatili miwili yenye upana wa 5, na pembeni linabaki pengo la tano kwa tano. Ukiliziba, mraba mkubwa unatimia, na unaona kwa macho ile 25 imetoka wapi. Wala hakutumia x hata moja.

Wanaopinga kudai sababu watamtaja Srinivasa Ramanujan, karani wa bandari ya Madras. Januari 1913 alimtumia G. H. Hardy wa Cambridge kanuni nyingi bila uthibitisho. Karatasi ilikuwa ghali, basi alikokotoa kwenye kibao, akafuta, akanakili matokeo tu daftarini. Mengi yalikuwa kweli, tena ya kustaajabisha. Lakini baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa yalikuwa na kosa, na Hardy alimjibu akidai uthibitisho. Kipaji kilimpa majibu, hakikumtengea mabovu.

Kwa hiyo, ikiwa sababu ndiyo muhimu kuliko wingi wa hatua, sioni haki kumkata alama mtoto aliyepiga 48 mara 25 kichwani akapata 1,200. Akiandika kwamba 25 ni robo ya mia, yatosha. Wa kutiliwa shaka ni yule aliyejaza ukurasa mzima wa hatua, na akiulizwa sababu ya mojawapo hana la kusema. Mwalimu, zoezi la kesho punguza maswali kumi yawe manne, na katika kila moja uliza "kwa nini" mara moja.