Wafuri Walivyojiandikia Historia

Dunia imewajua wafuri, yaani wapenzi wa wanyama wa kubuni wenye sifa za watu, kwa mavazi yao: kichwa kikubwa cha mbweha kilichochongwa kwa sponji na kufunikwa manyoya bandia, mkia unaofagia sakafu, mtu aliyevaa hivyo akipungia watoto katikati ya mji wa Marekani. Picha hiyo si ya uongo. Lakini watafiti waliowachunguza kwa miaka mingi, akiwamo mwanasaikolojia Kathy Gerbasi aliyechapisha utafiti wake mwaka 2008, wamekuta kwamba wengi wao hawana vazi kamili. Vazi moja hugharimu maelfu ya dola. Wengi walicho nacho ni mnyama waliyemtunga wenyewe, anayesema na kutembea kwa miguu miwili, mwenye jina na tabia zake, pamoja na hamu ya kumchora na kumwandika. Jamii hii ilizaliwa kwenye karatasi, na anayetaka kuielewa aanzie huko.

Mwaka 1976, mjini Minneapolis, wachoraji Reed Waller na Ken Fletcher walianzisha chapisho lililoitwa Vootie. Wakati ule katuni za wanyama zilihesabiwa kuwa za watoto, na vitabu vya katuni Marekani vilikuwa vimetekwa na mashujaa wenye misuli na kofia za kuficha uso. Waller na Fletcher waliona kuwa paka au sungura wa katuni anaweza kubeba mambo ya watu wazima: mapenzi, vita, siasa, upweke. Vootie ilijitangaza kuwa sauti ya harakati za kuwakomboa wanyama wa katuni, na ilidumu hadi mwaka 1983. Mwaka uliofuata Marc Schirmeister, mchoraji wa California, akaanzisha Rowrbrazzle ili kazi isife.

Haya hayakuwa majarida ya kununuliwa dukani. Kila mwanachama aliandaa kurasa zake nyumbani kwa mkono au kwa taipureta: mchoro, hadithi fupi, maoni juu ya filamu, habari za kazi yake na maisha yake. Akazitoa fotokopi kulingana na idadi ya wanachama, akazituma kwa posta kwa mratibu. Mratibu alipanga marundo mezani, akaokota seti moja kutoka kila rundo, akazibana pamoja mpaka zikawa kitabu kinene, kisha akamrudishia kila mwanachama nakala yake. Hakukuwa na mhariri wa kukata wala kulainisha neno. Katika toleo lililofuata watu walijibizana juu ya waliyoyasoma, mmoja mmoja kwa jina, na aliyekaa muda mrefu bila kuleta kurasa alipoteza nafasi yake. Mtindo huu wa kubadilishana machapisho ulikuwapo Marekani tangu karne ya 19. Wapenzi wa wanyama wa katuni waliurithi wakautumia kufahamiana: mtu aliyedhani yuko peke yake na mapenzi yake alifungua bahasha akakuta wenzake.

Wengine walikutana ana kwa ana. Mwaka 1980, kwenye kongamano la dunia la bunilizi ya kisayansi mjini Boston, Steve Gallacci, aliyewahi kutumikia jeshi la anga la Marekani, alionyesha mchoro wa Erma Felna, paka mwenye sare ya kijeshi na uso wa mtu aliyeona vita. Watu walimzunguka wakimuuliza paka huyo ni nani na anapigana na nani. Mazungumzo yale yaliendelea katika makongamano ya miaka iliyofuata, na kikundi kikajengeka. Gallacci akaja kuchapisha hadithi yenyewe katika kitabu chake cha katuni, Albedo. Humo ndimo pia alimozaliwa mwaka 1984 sungura samurai Usagi Yojimbo wa Stan Sakai, ambaye leo anajulikana na wasomaji wasiojua lolote kuhusu wafuri.

Kusini mwa California, mkutubi Fred Patten na Mark Merlino walikuwa miongoni mwa walioanzisha, mwaka 1977, klabu ya kutazama katuni za Kijapani. Walivutiwa na Kimba, simba mweupe wa Osamu Tezuka anayetawala msitu wa Afrika. Merlino na mwenzake Rod O'Riley walianza kuandaa tafrija za wapenzi wa wanyama wa katuni katika vyumba vya hoteli, pembeni mwa makongamano ya bunilizi. Januari 1989 wakathubutu kuandaa mkutano wao wenyewe mjini Costa Mesa. Waliuita ConFurence Sifuri kwa sababu ulikuwa wa majaribio. Walikuja watu 65.

Kisha intaneti ikafungua mlango. FurryMUCK, iliyoanza mwaka 1990, ilikuwa dunia ya maandishi matupu: hakuna picha, unaandika ulivyo na unavyotenda, na mwenzako aliye mbali anakusoma papo hapo. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ikaleta kizazi kipya, na vijana wa Ulaya na Marekani wakaanza kuwatungia simba wao majina ya Kiswahili. Sisi tuliolelewa kwa Sungura na Fisi hatuna sababu ya kushangaa mnyama kusema. Kilicho kigeni kwetu ni umiliki wake. Sungura wa bibi ni wa kila mtu, ilhali mbweha wa mfuri ni wake peke yake, na anaishi naye miaka kama rafiki anayejua siri zake. Mtu mwenye haya husema kupitia mnyama huyo mambo ambayo kwa jina lake la kuzaliwa yangemkwama kooni. Nikisoma walivyojieleza wenyewe, hilo ndilo linalonigusa kuliko mavazi yote.

Vyombo vya habari havikuwasoma. Mwaka 2001 jarida la Vanity Fair lilichapisha makala iliyowaonyesha kana kwamba ngono ndiyo kiini cha mambo yao, na mwaka 2003 tamthilia ya upelelezi ya CSI ikarudia picha hiyo mbele ya mamilioni ya watazamaji. Mambo ya ngono yapo katika sehemu ya sanaa yao, wala wenyewe hawayakani, lakini kuyafanya ndiyo habari nzima kuliwaumiza watu wengi. Mikutano ikaanza kuwa na tahadhari na waandishi. Desemba 2014 gesi ya klorini ilienea usiku katika hoteli moja mjini Rosemont, Illinois, kulikokuwa na mkutano wa Midwest FurFest. Maelfu walitolewa nje kwenye baridi na watu 19 wakapelekwa hospitali. Mtangazaji mmoja wa televisheni alishindwa kujizuia kucheka habari hiyo ikisomwa, akakimbia kutoka mbele ya kamera. Watu walikuwa wamevuta sumu. Kwa sisi tulio katika kazi ya uandishi wa habari, kicheko kile ni aibu.

Mji wa Pittsburgh uliwaona tofauti kwa sababu uliishi nao. Mkutano wa Anthrocon, ulioanzia Albany mwaka 1997, ulihamia huko mwaka 2006 na haujaondoka. Maandamano yao sasa hupita barabarani na wakazi hutoka na watoto kuyatazama. Ndani ya ukumbi kuna chumba kisichoruhusiwa kamera, ambako waliovaa huvua vichwa, hukaa mbele ya mafeni na kunywa maji, maana joto ndani ya manyoya yale si la mchezo. Mwaka 2023 waliohudhuria walizidi 13,000.

Tunayajua haya kwa mpangilio kwa sababu Fred Patten aliyawekea kumbukumbu. Alichukua uratibu wa Rowrbrazzle baada ya Schirmeister, akachapisha kwenye jarida la Yarf! tarehe za matukio ya jamii yake tangu miaka ya 1960, na mwaka 2003 akahariri Best in Show, mkusanyiko wa hadithi fupi za wafuri. Mwaka 2005 alipata kiharusi kilichompooza upande mmoja. Kutoka kwenye kitanda cha nyumba ya wagonjwa aliendelea kuandika na kuhariri vitabu, na mwaka 2017 kikatoka kitabu chake kinachoorodhesha mikutano ya wafuri tangu mwaka 1989 hadi 2015. Alifariki Novemba 2018. Maboksi yake ya majarida na barua yapo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Riverside, penye hifadhi kubwa ya bunilizi ya kisayansi.

Kuna kurasa nyingine ambazo hazijafika maktaba yoyote. Chama chenye wanachama 40 kilitoa nakala 40 tu duniani, na nyingi ya hizo zilikaa majumbani kwa wenyewe. Waliokuwa vijana mwaka 1976 sasa ni wazee, na Merlino alifariki mwaka 2024. Mzee mmoja akiondoka, na jamaa zake wakasafisha chumba bila kujua wameshika nini, sehemu ya historia hii huenda na taka. Maktaba zinazohifadhi bunilizi zinapaswa kuwatafuta walio hai sasa, ziombe maboksi hayo, na ziwaombe pia wataje nani alikuwa nani, kwa kuwa wengi walitia sahihi kwa majina ya wanyama wao.